Tatu Iliyogeuzwa Nane

Nolinsk, 12 Januari 1995

Mheshimiwa Vsevolod Yefimovich,

Hunijui. Anwani yako nimepewa na katibu wa baraza la maveterani wa divisheni ya baba yangu, aliyeniambia kwa simu, "Mwandikie Cherdyntsev kule Leningradi, akiitazama nishani yeye, hakuna wa kubisha." Najua mji wenu sasa unaitwa Petersburg, lakini ulimi wangu bado haujazoea.

Mimi ni Rimma Matveyevna Shabalina, nesi wa zahanati. Baba yangu, Matvei Ignatyevich, ana miaka sabini na sita. Alikuwa mpiga mizinga. Vita vilimwachia vipande viwili vya chuma begani na Nishani moja ya Nyota Nyekundu, ambayo huivaa mara moja tu kwa mwaka, tarehe tisa Mei, kwa muda wa saa mbili hivi, kisha huirudisha kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo.

Shida ni hii. Mwaka juzi banda letu liliungua, na sanduku la karatasi likaungua nalo, pamoja na kijitabu cha nishani. Sasa sherehe za miaka hamsini ya ushindi zinakuja, watu wanaandikishwa upya, na hapa kwetu kuna mzee mmoja, Lubnin, mdomo wake haufungwi hata kwa kamba. Dukani, mbele ya foleni nzima, alisema: "Siku hizi nyota zinauzwa sokoni Kirov pamoja na soksi. Shabalin aonyeshe kijitabu!" Baba alisikia. Aliweka mkate chini, akatoka. Tangu siku hiyo hatulii. Anakaa, anainuka, anakwenda kwa nyuki wake ambao wamelala kwa baridi, anarudi. Nikimwuliza, ananiambia nishughulike na sindano zangu.

Kwa hiyo nimefanya jambo bila kumwambia. Ufunguo najua anapouficha. Nyota ninakutumia ndani ya pamba ya zahanati, na kwenye droo nimeacha kiboksi chake kikiwa kimefungwa vilevile. Haigusi mpaka Mei. Naomba uitazame, uandike kwa muhuri wako kwamba ni ya kweli, nami nitaibandika karatasi hiyo kwenye mlango wa duka, Lubnin aisome kila akinunua vodka.

Tafadhali fanya haraka. Mimi si mtu wa kusubiri.

Rimma Shabalina

*

Petersburg, 27 Januari 1995

Mpendwa Rimma Matveyevna,

Kifurushi kimefika salama. Pamba yako ilifanya kazi nzuri.

Nitakueleza nilichokiona. Nyota ni ya kweli. Za bandia humiminwa kwenye kalibu, na ukizitazama kwa kioo cha kukuzia utaona vitundu vidogo kama vya mkate. Hii imepigwa kwa mashine, fedha yake imebana, na kingo za bunduki ya yule askari wa katikati ni kali bado. Rangi nyekundu imechubuka kwenye ncha moja. Parafujo ya nyuma ni ya asili. Mzee Lubnin anaweza kunyamaza.

Imebaki namba. Kila nyota ilichongwa namba yake kwa mkono, na kila mchongaji alikuwa na mwandiko wake, kama mimi na wewe. Ya baba yako inasomeka 1146208. Kabla sijaweka muhuri ninahitaji kujua mambo machache. Alikuwa betri gani ya mizinga? Alipewa wapi, na lini? Wengine waliopewa siku hiyo anawakumbuka? Baada ya vita, nyota iliwahi kupelekwa kwa sonara au fundi saa, labda kwa kusafishwa?

Usimwambie baba yako kwamba maswali haya ni yangu. Wazee hukasirika wakihojiwa na wasiowajua.

Nisamehe mwandiko. Mkono wangu leo una matata.

V. Cherdyntsev

*

Nolinsk, 6 Februari 1995

Vsevolod Yefimovich,

Nilijua ni ya kweli, lakini nilipoisoma barua yako kazini nilimkumbatia daktari, naye akadhani nimelewa.

Nimemhoji baba kijanja, tukiwa tunafunga nyama ndani ya pelmeni, mikono yake ikiwa kwenye unga asiweze kuondoka. Betri ya tatu. Walipewa Julai ya arobaini na nne, msituni, baada ya kuvuka mto ambao jina lake analitamka kila mara tofauti. Watu sita kwa siku moja. Watatu walikufa mwezi uleule. Nikamwuliza, "Na wale wengine?" Akasema, "Mmoja alikuwa Mtatari, alirudi kwao." Nikamwambia, "Hao ni wanne, na wewe wa tano. Wa sita je?"

Akasema, "Wa sita alikuwa mwalimu wa hesabu."

"Jina lake?"

"Kunja vizuri, yako inapasuka."

Basi nikabadilisha njia. Nikamwuliza kama vita vyote ni vya kutisha, kama hawakuwahi kucheka hata siku moja. Akacheka kweli, Vsevolod Yefimovich, sijamsikia akicheka hivyo tangu mama afe. Akanisimulia juu ya treni ya bafu iliyowafuata mstari wa mbele. Unavua kila kitu, nguo zinaingia kwenye tanuri ya kuua chawa, nishani unazitia kwenye kofia maana moto utaziharibu, wewe unaingia uchi kwenye behewa la maji moto. Siku moja ndege za adui zikaja, wakaruka nje na sabuni kichwani, betri nzima, wamelala kwenye theluji kama samaki. Ndege zilipoondoka kila mtu alivaa alichokipata. "Mimi nilivaa suruali ya kapteni," anasema, "na nishani zilikuwa zimemwagika sakafuni, tukaziokota tu..."

Hapo akakata. Kicheko kikazimika kama taa. Akanawa mikono, akatoka, na pelmeni mia na ishirini nikamalizia mwenyewe.

Kuhusu fundi saa: alikuwepo mmoja hapa zamani, Zeldin, alikufa nikiwa shule ya msingi. Kama baba alimpelekea nyota, sijui. Kwa nini inahitajika?

Rudisha kabla ya mwisho wa Machi, ninakuomba. Baba ameanza kuipitia droo kwa macho.

Rimma

*

Petersburg, 18 Februari 1995

Rimma Matveyevna,

Asante kwa majibu. Yamenisaidia kuliko unavyofikiri.

Itabidi nibaki na nyota kwa muda zaidi. Kuna jambo la kulinganisha, na la kulinganisha nalo haliko mikononi mwangu. Usiniulize sasa.

V. Ch.

*

Nolinsk, 9 Machi 1995

Bwana Cherdyntsev,

Nimekuandikia mara mbili, hujajibu. Simu yako inaita, mwanamke mzee anapokea, anasema "Hayupo" kwa sauti ya mtu anayemwona aliyeketi mbele yake.

Sasa nitasema wazi. Watu wamenifungua macho. Wajerumani na Wamarekani wanakaa hotelini kwenu na kununua nishani za vifuani mwa babu zetu kwa dola. Na mimi, mjinga wa Nolinsk, nimeichukua nyota ya baba yangu kwa mikono yangu, nikaifunga kwenye pamba, nikaipeleka posta mpaka kwa mtu nisiyewahi kumwona. "Jambo la kulinganisha"! Unalinganisha bei?

Jana baba alifungua droo. Sikuwepo. Niliporudi nilimkuta ameketi kitandani na kile kiboksi magotini. Nikaanza kusema uongo wangu wote niliokuwa nimeuandaa, kwamba nimeipeleka kusafishwa kwa ajili ya sherehe. Hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Walitazama nyuma?"

Nikamwambia, "Nyuma kuna nini?"

Akajilaza akageukia ukutani. Hajala tangu jana.

Una siku kumi. Baada ya hapo ninakwenda polisi, na nitakwenda pia kwenye gazeti, na usifikiri kwamba nesi wa wilayani hajui kuandika.

R. Shabalina

*

Petersburg, 17 Machi 1995

Rimma Matveyevna,

Nilianza barua hii mara nyingi, nikazichana zote. Nyota haijauzwa na haitauzwa. Iko mezani hapa. Wewe ni mtu wa kusema wazi, nami nitajaribu.

Namba 1146208 imechezewa. Tarakimu sita za kwanza ni za mchongaji mmoja. Ya mwisho ilikuwa tatu. Mtu fulani, mwenye mkono mzuri na vyombo vidogo, aliifunga ile tatu upande wa kushoto ikawa nane. Mkato wake ni mwembamba kuliko mwingine, na chini yake fedha imekwaruzwa. Ukiwa na kioo cha kukuzia, inachukua dakika moja kuona.

Namba 1146203 ilikuwa ya baba yangu.

Jina lake lilikuwa Yefim Nikanorovich Cherdyntsev. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na mpiga mizinga wa betri ya tatu. Baada ya vita tuliishi Kirov. Masika ya mwaka arobaini na tisa wenye nishani waliitwa kuhakikiwa. Baba alipeleka nyota yake, na akasema mwenyewe, kabla hajaulizwa, kwamba namba yake haifanani na kijitabu: kijitabu kinasema tatu, nyota inasema nane, bila shaka amebadilishana na mwenzake kwa bahati mbaya kwenye treni ya bafu, na mwenzake akiitwa, mambo yataeleweka. Mwenzake aliitwa. Mwenzake akaweka mezani nyota iliyosema nane na kijitabu kilichosema nane, akasema hajui lolote kuhusu treni yoyote. Basi zikawa nane mbili, na mwongo mmoja. Hakuna mtu katika ofisi ile aliyechukua hata kioo cha kukuzia.

Nyota ilichukuliwa. Alihukumiwa miaka mitatu ya kukata magogo kwa kuvaa nishani isiyo yake. Alirudi na kikohozi, na shule haikumtaka. Tukahamia Leningradi, akawa mchochea moto wa boila mpaka alipokufa, mwaka sitini na moja. Mimi shuleni niliitwa "mtoto wa mwizi wa nyota". Mpaka leo, mtu akisema "nyota" nyuma yangu, ninageuka.

Jina la mwenzake hakutaja. Nilimwomba, nikamlilia, hata akiwa anakata roho. Alisema, "Ana watoto, Seva. Liache." Mama alikuwa amekificha kijitabu chake, namba niliijua humo. Nikajifunza kazi hii. Nimetazama nyota elfu nane kwa miaka ishirini na tatu, bure, kwa yeyote, nikasaidia baraza la divisheni yenu barua kwa barua, nikisubiri tatu moja iliyogeuzwa nane. Ilikuja kwenye pamba ya zahanati.

Nilijua tangu dakika ya kwanza, na nikakudanganya, nikakutumia kumchimba baba yako. Kwa hilo ninaomba radhi. Kwa mengine sijui bado ninataka nini. Nilikuwa na hotuba niliyoitayarisha kwa ajili yake. Sasa ninaye, ana miaka sabini na sita na hali chakula, na wewe umenieleza jinsi anavyocheka.

Muulize kwa nini. Hilo tu.

V. Cherdyntsev

*

TELEGRAMU. Nolinsk, 27 Machi 1995

BABA AMECHUKUA BARUA YAKO MKOBANI MWANGU AMEISOMA AMEONDOKA NA BASI LA KIROV. TIKETI NI YA PETERSBURG. MOYO WAKE MBOVU. DAWA AMEACHA. MPOKEE NAKUOMBA HATA KAMA UTAMFUKUZA BAADAYE. RIMMA

*

Petersburg, 2 Aprili 1995

Rimma Matveyevna,

Katika simu tulizungumza dakika tatu na wewe ulilia zote tatu, kwa hiyo ninaandika. Yuko kwenye treni sasa, behewa la saba, kesho utamwona. Dawa nimemnunulia na nimemwona akimeza.

Telegramu yako ilichelewa. Alifika kabla yake, Jumanne saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshuka kununua maziwa. Kwa hiyo aliyemfungulia mlango ni mama yangu. Mama anaitwa Kapitolina Andreyevna, ana miaka sabini na tisa, sikio moja halisikii. Ndiye aliyekuwa akikujibu "Hayupo". Nilipanda ngazi nikawakuta bado mlangoni, yeye ndani, mzee nje, kofia mkononi.

Mama alikuwa akiuliza, "Shabalin yupi?"

"Matvei."

Mama akamtazama kuanzia buti mpaka kichwani. Halafu akasema, "Futa miguu."

Nilisimama pale na chupa ya maziwa. Aliyejua, Rimma Matveyevna, ni mama. Alijua jina, alijua mji, alijua nyuki. Miaka thelathini na nne. Nilipiga kelele, sitaficha; majirani walitoka. Akanijibu, "Baba yako aliniapisha. Nilitaka uishi, Seva, wewe ukaenda kuishi kwenye kioo cha kukuzia. Ungelijua jina, ungeishi wapi?" Halafu akasema tuingie, supu inapoa.

Alimpakulia. Baba yako hakugusa kijiko. Alisema ni lazima aseme akiwa amesimama, na akasimama, ameshika kiti. Nitaandika kama alivyosema, maana wewe una haki.

"Niligundua siku tatu kabla ya kuitwa. Nilikuwa nang'arisha nyota. Nikaona tatu. Nikajua papo hapo ni ya Yefim. Ningekwenda kwake, ni saa nne tu za gari. Lakini kaka yangu mkubwa alikuwa ametekwa na adui, na aliporudi wakamfunga kama msaliti, na mimi kwenye fomu zote nilikuwa nimeandika sina kaka. Nikasema, wakinitazama kwa nyota, watanitazama kwa yote. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikampelekea Zeldin mtungi wa asali. Alifanya kazi yake kwa nusu saa."

Mama akauliza, "Na walipokuita?"

"Nilifikiri watamkaripia tu. Watampa kijitabu kipya. Yefim alikuwa hapo chumbani, Kapitolina. Alinitazama. Alikuwa anatabasamu nilipoingia, alifikiri nimekuja kummalizia shida. Nilipomaliza kusema, alikuwa bado hajaacha kutabasamu. Uso ulikuwa haujapata habari."

Mama akasema, "Siku ya pili ungeweza kurudi ukasema."

"Ningeweza."

"Siku ya tatu."

"Ningeweza."

"Mwaka wa hamsini, alipokuwa kambi ya Vyatlag kwenye magogo."

"Ningeweza, Kapitolina Andreyevna."

"Hamsini na moja."

Akaenda hivyo, mwaka kwa mwaka, bila kupandisha sauti, na baba yako akamjibu kila mwaka, amesimama. Nilitaka kumwambia mama basi. Mimi, ambaye nilikuwa na hotuba! Nilikwenda kutazama birika ambayo haikuwa motoni. Mama alifika mwaka sitini na moja akakomea hapo. Baba yako akasema, "Na baada ya hapo pia. Ningeweza mpaka wiki iliyopita."

Ndipo mama akasema, "Sasa kaa ule. Kisha utaandika."

Nikajitolea kuandika mimi, maana mkono wake hautulii. Mama akasema, "Mkono wake uliweza kupeleka asali." Akampa daftari la shule, la miraba. Aliandika kutoka adhuhuri mpaka saa kumi, nakala tatu, na kila alipokosea mama alimpa karatasi mpya. Jana tulikwenda kwa mthibitishaji tukaziwekea muhuri. Nakala mbili nimezituma ofisi zinazohusika. Moja iko kwa mama, chini ya mto.

Kwenye kituo cha treni baba yako alininyooshea mkono. Sikuupokea. Nilimbebea begi mpaka kitandani, nikamwonyesha mhudumu wa behewa jinsi ya kumpa dawa, lakini mkono sikuupokea, na nimetembea kutoka kituoni mpaka nyumbani kwa miguu, karibu saa mbili, nikigombana na mkono huu.

V. Cherdyntsev

*

Nolinsk, 14 Mei 1995

Vsevolod Yefimovich,

Nilikuwa sitaki kukuandikia tena. Nilikukasirikia, halafu nikamkasirikia baba, halafu mama aliyekufa, halafu Zeldin. Sasa nimechoka kukasirika lakini kukaa siwezi. Ninasugua sakafu mara mbili kwa siku. Ninatoka kwenda mto Voya, nafika, nageuka. Nilizaliwa tarehe ishirini Mei, arobaini na tisa. Mimba ya miezi minane ilikuwa mimi. Kaka yangu Gennadi ananiambia, "Acha upuuzi, wewe hukuchonga kitu." Ni kweli. Lakini nimekula asali ya nyuki wale maisha yangu yote.

Nikueleze ya tarehe tisa. Nilimsihi asiende. Alivaa koti lake la sherehe, kifua kitupu, tundu la parafujo linaonekana. Uwanjani walikuwa wamepanga viti, watoto wa shule na maua, spika inakoroma. Walisoma majina, kila mzee anasimama, anapigiwa makofi. "Shabalin, Matvei Ignatyevich, mwenye Nishani ya Nyota Nyekundu!" Akasimama. Na Lubnin, unamjua Lubnin, akapaza sauti kutoka safu ya pili:

"Iko wapi, Matvei? Umeiuza?"

Watu wakacheka kidogo. Baba akasema, "Haikuwa yangu." Wakadhani ni utani, wakacheka zaidi. Akaenda kwenye kipaza sauti. Mwenyekiti akamshika mkono, "Matvei Ignatyevich, baadaye, baadaye." Baba akauondoa ule mkono taratibu. Akayasema yote, Vsevolod Yefimovich. Jina la baba yako alilisema mara nne. Jina langu hakulitaja, wala mimba hakuitaja. Hakujitafutia hata nusu ya sababu. Alichukua kama dakika tano. Kisha akasema, "Nyota niliyoipata kweli ilichukuliwa kwa Yefim ikapotea. Kwa hiyo sina. Endeleeni."

Iliyoendelea ni spika tu. Faina Sergeyevna, aliyekuwa nesi wa mstari wa mbele, alihamisha kiti chake. Gennadi aliwachukua watoto wake wakaondoka kabla ya uji wa askari kugawiwa. Hajapiga simu mpaka leo, mkewe anasema tumewavua nguo hadharani. Watu wawili wamekuja kurudisha asali waliyonunua. Na Lubnin, nashangaa, Lubnin ndiye aliyemsindikiza baba mpaka kwenye geti letu. Pale getini Lubnin akasema, "Mimi nilikuwa mpishi, Matvei. Risasi sijapiga hata moja," akageuka akaenda zake.

Baba anakula sasa. Analala mchana. Kwa nyuki anakwenda mara moja tu, asubuhi. Mimi ndiye nisiyelala. Ananitazama nikisugua sakafu, ananiambia, "Rimma, mbao zitaisha." Sijui kumpenda kama zamani, na kwa namna nyingine sijui. Ninampikia. Ninampima presha.

Ulisema ulitaka kujua kwa nini. Ulipata jibu. Limekusaidia? Niandikie kweli.

Rimma

*

Petersburg, 5 Juni 1995

Matvei Ignatyevich,

Ninaandika mwenyewe kwa sababu Seva hataki, na binti yako anamwuliza maswali ambayo hayana majibu. Waache hao. Mimi na wewe hatuna muda mrefu.

Ofisi wamejibu kwamba wanachunguza. Nimewajibu kwamba nina miaka sabini na tisa, wachunguze haraka. Seva amefungua dirisha la chumba chake, amerudisha nyota za watu bila kuzitazama, anazunguka mjini mchana kutwa kama aliyeachishwa kazi. Jana alinunua viatu. Sijui ni vizuri au vibaya.

Ulichofanya uwanjani nimekisikia. Sikupi asante. Kilikuwa kazi yako, na ulichelewa.

Sasa kuna kazi nyingine. Uzio wa kaburi la Yefim umeshika kutu upande wa mtoni. Seva ana mikono ya kushika vitu vidogo, brashi kubwa inamshinda, na mimi siwezi kuinama tena. Unahitaji kukwaruzwa mpaka chuma, kisha rangi mara mbili, na siku mbili za jua katikati. Buluu. Yefim hakupenda kijani. Utalala kwenye kochi jikoni. Seva nimemwambia, hakusema ndiyo, lakini amelitoa kochi vumbi.

Njoo na brashi yako, za hapa zinatoa manyoya. Dawa usiache.

Kapitolina Cherdyntseva

*

TELEGRAMU. Nolinsk, 16 Juni 1995

NAFIKA TAREHE TATU JULAI. BRASHI NNE. RIMMA ANAKUJA NAMI KUKWARUZA. MATVEI